Gasketi

Ukivuta mafuta injini inapiga ukelele
na tairi linajikokota kama mtu aliyeitwa kulipa deni.
Fundi Mbwana wa Keko hakuhitaji kufungua:
"Klachi inateleza, kaka. Pleti zimekwisha."

Nikasema nitafungua mwenyewe.
Kazi yangu ni kusoma mita za maji Magomeni,
kuinamia vishimo vya watu, kufuta tope kwenye tarakimu.
Siogopi kitu chenye kifuniko.

Jumapili, uani, nyumba ya vyumba sita,
nimeilaza kwa ubavu wa kushoto oili isimwagike.
Bolti tisa. Nazipanga kwenye kigae kama zilivyokaa,
maana fupi ikiingia tundu la ndefu
utalia mbele ya watoto wa mwenye nyumba.
Ya tisa ina kutu. Inatoka kwa matusi.

Kava linaachia. Harufu ya oili iliyoungua,
kitunguu kilichosahauliwa jikoni.
Springi nne, moja imefupika.
Pleti tano, laini kama ukucha.
Naziinua juani, moja moja: hizi ndizo zilizotubeba.

Tulikuwa wawili.
Kilima cha Makongo, Tunu nyuma,
mkono mmoja kiunoni mwangu, mwingine umekumbatia ndoo ya unga wa maandazi.
Nikavuta mafuta, mashine ikanguruma, malori yakatupita,
naye akaniambia sikioni, taratibu, bila hasira:
"Kelele yote hii, na tuko palepale."

Nilidhani anasema pikipiki.

Jumatatu, Gerezani. Kijana wa spea ameweka pakiti mbili mezani:
"Hii orijino. Na hii orijino ya bei nafuu."
Nikatoa elfu arobaini na tano,
hela iliyokuwa na kazi nyingine.

Pleti mpya haziingii kavu.
Zimelala kwenye oili usiku kucha,
ndani ya bakuli la maua mekundu, nililoachiwa.
Jirani amechungulia, akadhani nimeanza kupika.

Tatizo gasketi. Ya zamani ilichanika,
na kwa mashine ya mwaka themanini na moja
muuzaji anakutazama kama umeulizia babu yake.
Inatakiwa karatasi ngumu. Chumbani nilikuwa nayo moja,
maandishi ya dhahabu, imekaa chini ya redio tangu mwezi wa nne:
*Familia ya Bwana na Bibi Likwata*
*inakuomba mchango wa harusi ya binti yao mpendwa.*
*Usipungue elfu hamsini. Mwisho tarehe thelathini.*

Nikaitandika juu ya mdomo wa kava,
nikagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, tu, tu, tu,
chuma kikakata karatasi, umbo likajitokeza lenyewe.
Bolti ya tatu imetoboa *mpendwa*.
Sikupachagua. Ndipo tundu lilipo.

Mwisho, waya.
Ukiukaza sana, klachi haishiki sawasawa, itaungua.
Ukiulegeza sana, haiachii, gia zitasagana.
Acha plei kidogo kwenye mpini, unene wa sarafu ya mia:
hapo mkono umeshaanza kuvuta
na bado hakuna kinachosikia.
Nimerekebisha mara saba. Ya nane nimeirudisha kwenye ya pili.

Kiki ya nne, ikawaka.

Nimepita Mwenge, nimepita Chuo, sikupangia,
kilima hicho hapo. Gia ya pili. Mafuta.
Ikashika.
Ikapanda kama imeitwa kwa jina,
nyepesi mno, siti ya nyuma ikigongagonga.

Juu nikasimama, nikainama na tochi ya simu
kutazama kama kava linavuja.
Kavu. Ila pale vyuma viwili vinapokutana
umebaki uzi mwembamba wa dhahabu.
Simu ikaita mkononi, mweka hazina wa kamati, mara ya tatu leo.
Nikaiacha iite,
nikazungusha mwanga, bolti ya kwanza mpaka ya tisa.