Maelezo ya Ziada kwa Kamati ya Zabuni

Nimejaza jedwali lenu. Safu mbili, alama kwa mia:
seva ya Java ya kununua huku, ya chanzo huria kule.
Jedwali halikuwa na mahali pa kuandika haya,
kwa hiyo nayaandika usiku, nyuma ya karatasi,
upepo wa Agosti ukisukuma vumbi la Nkuhungu
mpaka ndani ya feni ya mashine.

Mgeni wetu alikuja na treni ya asubuhi kutoka Dar,
viatu vikimetameta hadi alipofika getini.
Alisema vizuri, sitamsingizia.
Kila kiini cha prosesa na leseni yake,
kila mwaka na malipo yake,
na simu itakayopokelewa hata saa nane usiku.
Bi Sechelela akaandika "simu", akaipigia mstari mara mbili.
Namwelewa. Ni yeye aliyesimama dirishani
siku ankara za Ipagala zilipotoka mara tatu,
akatukanwa na watu ambao bomba lao lilikuwa kavu.

Ndahani, kijana wa mafunzo, akanong'ona:
"Lakini ile nyingine ni bure."
Mhasibu akamjibu bila kuinua macho:
rahisi huvunja upishi.
Kikao kikacheka. Kikao kikanywa chai.

Niruhusuni neno moja kuhusu bure.
Baba yangu alipoanza zabibu kule Hombolo
hakununua mche. Jirani, mzee Chiwanga,
alimkatia pingili shambani kwake, fungu zima,
akalifunga kwa gunia bichi.
Pingili zilikuwa bure.
Kupogoa hakukuwa bure. Ubwiri haukuwa bure.
Mwaka wa kwanza alikata tawi lisilokatwa
tukavuna majani.
Mwaka wa tatu alikijua kila kifundo,
na akija mtu na miche ya dukani yenye vibandiko
alimuuliza swali moja tu:
"Ukiugua, naruhusiwa kuukata mwenyewe?"

Tarehe thelathini mwezi uliopita, seva ya majaribio ilisimama.
Haikuanguka. Ilisimama, na hilo ni baya zaidi.
Nyuzi mbili zilikutana mlangoni,
mmoja unasema tangulia,
wa pili unasema hapana, tangulia wewe,
na nyuma yao nyuzi mia mbili zimejitwika malipo ya watu.
Tukafungua msimbo, mimi na Ndahani,
mistari ya mtu tusiyemjua, wa nchi tusiyoijua,
aliyeacha maneno pembeni: hapa sina uhakika.
Nilicheka peke yangu.
Hakuna muuzaji aliyewahi kuniandikia hivyo.

Alfajiri, saa kumi na moja, tuliuona mlango.
Lakini siwafichi: usiku ule wote
hapakuwa na mtu wa kumpigia.
Ndahani alilala juu ya maboksi ya karatasi za ankara,
mdomo wazi, tochi ya simu bado inawaka.

Basi pendekezo langu ndilo hili.
Chukueni ya huria,
ila fedha ya leseni isigeuke posho wala matairi.
Iwe mshahara wa Ndahani.
Maana siku atakapopanda treni ya jioni
kwenda kumfanyia kazi yule yule mwenye viatu
(ameshampa kadi, nimeiona mfukoni mwake)
tutabaki na msimbo ulio wazi kwa dunia nzima
na ofisini hakuna wa kuusoma.

Mkishindwa hilo, nunueni. Nitatia saini bila kununa.
Simu nayo ni kitu.

Mbele ya karatasi mtaona sabini na nne kwa sabini na moja,
ya kununua imeshinda.
Nimehesabu upya mara mbili; hesabu ni sahihi.
Alama tatu zile ni mistari ya Bi Sechelela
chini ya neno moja,
na mmoja niliouongeza mimi
nikiwa nimechoka.