Jozi

Tsiala alikataa plastiki iliyochorwa mistari ya mti.
"Nikitaka uongo," alimwambia mwuzaji, "nitasoma menyu ya jirani."
Akakataa na ule ubao wa kiwandani,
unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi,
unaoumuka kama andazi siku ya kwanza ya mvua.

Tukapanda hadi karakana ya Bondo, juu ya mto Rioni.
Mbao zimeegemea ukuta kama wageni wasiojuana.
Msonobari: bei nafuu, lakini hata ukucha unaacha njia.
Mwaloni: mgumu, ila ukikutana na chuma na maji
hutoa doa jeusi, wino wa karani.
Bondo hakusema kitu. Alilamba kidole gumba,
akakipitisha juu ya ubao mmoja wa kijivu, wenye vumbi,
na pale palipolowa pakaamka rangi:
chai iliyosahauliwa jikoni,
na mshipa wa zambarau ukikimbia ndani yake.
Mjozi. Mti wa jozi zilezile
tunazosaga na kitunguu saumu kwa mchuzi wa kuku.
"Umekaushwa miaka sita," akasema.
Samaki mkunje angali mbichi;
mbao iache ikauke kwanza, la sivyo itakukunja wewe.

Meza tisa. Unene sentimita nne.
Chini yake alitoboa matundu marefu, si ya duara,
ili skrubu zipate pa kutembea
miezi ya mvua, mbao inaponenepa,
na miezi ya theluji, jiko likiwaka, inapokonda.
Vanishi hakupaka. "Vanishi ni kioo.
Kikipasuka mahali pamoja, kimepasuka kote."

Basi kazi ikawa yangu.
Kila Jumatatu, mlango umefungwa, viti miguu juu,
mimi na chupa ya mafuta ya kitani.
Mafuta kidogo, kitambaa cha pamba,
fuata uzi wa mbao, usiukate.
Subiri robo saa. Futa yote ambayo mbao haikuyataka.
Hapa wengi hukosea, hudhani kupenda ni kuyaacha juu,
na kesho yake viwiko vya wageni vinanata.
Matambara usiyakunje ukayatupa pipani:
hujipasha moto yenyewe, yakawaka usiku bila kiberiti.
Niliyaanika uani, moja moja, kama soksi.
Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Divai huzoleka, ukiwahi.

Isipokuwa ile pete ya meza ya nne.
Sufuria ya udongo, uyoga na jibini bado vinatokota,
mtu aliitua juu ya mbao tupu
kwa sababu alikuwa anacheka.
Nilijaribu mafuta. Nilijaribu majivu.
Nilijaribu kutoitazama.
Theluji ilipoyeyuka, Tsiala akanipa msasa.
"Nusu milimita, Lamzira. Meza haitajua."

Nikapiga hesabu pembeni mwa daftari la oda:
sentimita nne, toa mbili za kubeba uzito,
gawanya kwa nusu milimita.
Meza inaweza kusamehe mara arobaini.
Nikaona ni nyingi. Wapo watu hawafikishi tatu.

Vumbi lake lilikuwa chungu puani.
Nilitaka kulimwaga kwenye nyanya, Tsiala akapiga yowe:
vumbi la mjozi huua nyanya!
Likaenda tanurini.

Mwezi wa Juni alikuja mwanamke, gauni la kijani,
akaomba meza ya nne ingawa dirishani palikuwa wazi.
Akapapasa ubao kwa kiganja, kushoto, kulia,
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Palikuwa na alama," akasema. "Sufuria yetu."
Nikamkumbuka. Wakati ule walikuja jozi.

"Tumeisafisha, mama," nilimjibu,
kwa sauti ile ya kutangaza habari njema.
Akasema imependeza. Na kweli ilikuwa imependeza.
Akaagiza uyoga.

Ulipofika, unatokota,
nilikuwa na kibao cha kutegea mkononi.
Nilikishika muda mrefu kuliko inavyopasa.
Zimebaki thelathini na tisa.