Risiti za Bi Kibibi

Chumba chetu kilikuwa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
nyuma ya fundi cherehani aliyetugawia umeme wake.
Sembua alilehemu, mimi nikaandika programu
juu ya ubao wa kupigia pasi.
Tulikuwa na betri ya bodaboda, sahani ya bati,
na neno moja tulilolichukia: lumbesa,
lile gunia linaloota kichwa juu ya mdomo wake,
likashonwa kamba, likaitwa moja.

Mwezi wa sita tukapeleka mizani kumi na moja Muheza.
Machungwa yanapanda, namba inawaka,
kimashine kinakohoa risiti:
kilo, bei, tarehe, jina.
Wanunuzi wakasusa siku nne.
Ya tano, malori yakarudi yenyewe.

Bwana mmoja mwenye mtaji alituuliza
tutakua mara ngapi kwa mwaka, na kampuni tutaiuza lini.
Tukamjibu kwa chati.
Chati ilijaa vizuri,
kama lumbesa.

Kisha akaja Bi Kibibi Shekalaghe wa Mkuzi,
kopo la siagi kalikumbatia kifuani.
Akafungua. Risiti mia moja na arobaini,
amezipanga kwa miezi, amezifunga kwa ukili.
Zote nyeupe.

"Mali bila daftari, si ndivyo mlivyoniambia?
Nimekwenda kuomba mkopo, nikasema ushahidi ninao.
Nikatandaza mezani karatasi tupu
kama mpiga ramli asiye na mchanga.
Mizani yenu haisemi uongo, wanangu.
Ila inasahau."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Usiku ule Sembua alishika risiti juu ya jiko la mkaa,
ikawa nyeusi yote, kilo na jina pamoja.
Tulichohitaji ni utepe wa wino, wa kizamani,
na kila mizani ikapanda elfu ishirini na nane.
Chati ikalala chali.
Simu ya bwana wa mtaji ikawa haipatikani.
Tukawarudia wote kumi na mmoja, tukabadilisha bure,
kodi tukamkopa fundi cherehani.

Sijui kama hiyo ndiyo biashara.
Mwaka wa tatu huu, kopo limejaa, limepata mwenzake,
na nikipita Mkuzi Bi Kibibi hunitolea karatasi
ya chini kabisa, tuisome:
kilo arobaini na mbili, Jumanne,
na jina lake, tulilolikosea herufi moja.
Kosa lenyewe
bado linasomeka.