Wewe Baki

Saa mbili usiku, Aprili, umeme umerudi Moshi,
na mimi bado nimeinamia hadubini.
Kipande cha ubongo wa panya, chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nilikitia rangi tangu Jumanne.
Kando ya vyumba vya maji
seli shina zimejipanga, kijani, kimya,
kama watu waliosikia hodi wakanyamaza.

Zingeweza kuwa nyingine.
Haziwi.

Nilidhani zimelala. Daktari Anandumi alicheka:
"Hakuna aliyelala hapo. Kila moja inaambiwa."
Na nani?
Na jirani. Si kwa kupiga kelele,
kwa kugusana, ukuta kwa ukuta.
Ile inayoanza safari ya kuwa seli ya neva
hunyoosha mkono wa protini, ikamshika mwenzake ubavuni,
na neno hukatika palepale, likadondoka ndani,
likateremka hadi kwenye kiini:
wewe baki.

Anayeondoka ndiye anayesema.
Nilizima taa ya hadubini.

Tulikuwa wanne, Mbokomu.
Mkunde alipanda basi la alfajiri kwenda Dodoma.
Eliakunda yuko Muscat, anatuma picha za sahani.
Mimi niko hapa chini tu, nauli elfu mbili, na bado nakosa.
Kila aliyetoka alimshika bega Ndekirwa, kitinda mimba,
pale mlangoni, akasema yaleyale:
ng'ombe, Mama, kahawa,
mwakani tutaona.
Alikuwa na alama nzuri za hesabu.
Cheti kipo kwenye bahasha juu ya kabati;
panya wameonja pembe moja.

Nimesoma yaliyotokea walipoikata ile ishara:
seli zote zilikimbilia ukubwa kwa pamoja.
Ubongo ulijaa upesi, kisha chemchemi ikakauka,
hakubaki wa kuzaa mwingine.
Kwa hiyo najua. Najua hata kwa migomba:
ukihamisha machipukizi yote, shina linaoza na kihamba kinakwisha.
Lakini hakuna kioo nilichowahi kukipaka rangi
kikanionyesha kama aliyebaki
aliulizwa.

Jumapili nikapanda mlima.
Mfongo ulikuwa umeziba kwa majani ya migomba
na Ndekirwa yumo, maji magotini, anazibua kwa jembe,
maana zamu ya jirani inaanza saa nne.
Nilikuwa na fomu ya chuo mkobani. Nilikuwa na hotuba.
Akaipokea karatasi kwa vidole vya matope,
akaisoma yote, mpaka nambari ya simu kule chini.

"Nikitoka," akasema, "nimshike nani bega?"

Tuligeuka wote wawili.
Mlangoni palikuwa na ndoo na kuku mmoja.

Nikavua viatu vya mjini, nikaingia.
Maji yale yanatoka msituni, juu kabisa.
Nilipiga ukelele.
Akacheka, akaniachia jembe.