Na Vyote Vilivyoota Juu Yake

Notari alisoma mkataba mzima kwa sauti,
kurasa kumi na nne bila kukohoa,
maana sheria inataka mnunuzi asikie kwa masikio yake
kitanzi anachojivisha.
Nami, Urve, dereva wa tramu,
nilimsikiliza kama abiria asikilizavyo majina ya vituo
akingoja chake.

Changu kilifika ukurasa wa tisa:
fleti namba saba, mita za mraba thelathini na moja,
chumba, jiko, bafu lisilo na dirisha,
pamoja na sehemu thelathini na nane kati ya elfu
za kiwanja, na vyote vilivyoota juu yake.

Nikamkatiza. "Hata misonobari?"
Akashusha miwani. "Hata misonobari."
Mzee Lepiksoo, muuzaji, akacheka puani,
kicheko chake cha kwanza tangu tuonane.

Nilikuwa nimekagua kumi na moja kabla ya hii.
Moja ilinuka kabichi ya watu waliokwisha kufa.
Moja ilikuwa na roshani inayotazama roshani
yenye mwanamume anayenitazama.
Moja niliipenda, akaipenda pia
kijana mwenye fedha mkononi;
mwenye mkopo hupisha njia.

Na benki, jamani, benki!
Iliniuliza mgongo, iliniuliza mapafu,
iliniuliza kama natarajia kuolewa.
Nikasema natarajia jiko.
Ikanipa miaka kumi na minane.
Nitamaliza kulipa nina sabini na mmoja,
na meno nayo ya mkopo.

Siku ya funguo, mzee alinionyesha ufa wa dari.
"Huu ni wa mwaka themanini na tisa.
Usiuzibe. Hauendi popote."
Kisha akafunga kitasa, akakifungua tena,
akanikabidhi, akashuka ngazi
upande upande, kama mtu aliyebeba kabati.

Nimetoka Lasnamäe, ghorofa ya tisa,
ambako jirani akipiga chafya
wewe ndiwe unayetafuta leso.
Hapa Nõmme usiku wa kwanza
kimya kiliniamsha saa nane.
Nikakaa kitandani, mguu ukitafuta breki.

Asubuhi nikatoka na kikombe, nikaihesabu:
misonobari ishirini na sita.
Mara thelathini na nane, gawa kwa elfu.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya rangi:
karibu mti mzima,
ukiondoa tawi dogo, na koni mbili tatu.
Nikauchagua ule ulioinama kando ya mapipa ya taka,
wenye gome la rangi ya chai ya jana.
Sikumwambia mtu.

Mwezi Machi wakatuita kwenye mkutano, ghala la chini,
viti vya kukunja, harufu ya viazi.
Bi Kaarin wa namba tatu akasimama na karatasi:
ule ulioinama utaangukia magari, ukatwe.
Nikanyosha mkono kupinga.
Walinitazama kwa upole,
kama mtazamavyo mtoto aliyeomba kuendesha tramu.
Thelathini na nane zangu, na arobaini
za bwana asiyesikia vizuri.
Zilizobaki zote zilikuwa za magari.

Ukakatwa Jumanne. Nilikuwa kazini.
Niliporudi, fundi alikuwa akipakia magogo.
Nikamwambia, "Naomba sehemu yangu."
"Kiasi gani?"
"Thelathini na nane kati ya elfu."
Alinikodolea macho, kisha akawasha msumeno
akanikatia kisahani kimoja, unene wa kiganja.

Sasa nakiwekea sufuria ya moto.
Kila inapokaa, utomvu hutoka kidogo,
na mita zangu thelathini na moja hunuka msitu
hadi bafuni.
Nimejaribu kuhesabu miviringo yake.
Nafika hamsini na kitu, mwaka wangu wa kuzaliwa,
halafu sufuria inachemka,
na meza, ambayo bado sijamaliza kuilipia,
inanata.