Daftari Chini ya Meza

Nilikwenda Kibokoni na daftari la mistari mitano,
penseli mbili zimechongwa,
na akili ya karani wa bandarini
ahesabuye makontena asubuhi na kuyahesabu tena jioni.
Bi Zuweina alilitwaa, hakulifungua,
akalisukuma chini ya mguu mfupi wa meza ya cherehani.
"Sasa limepata kazi. Ndoo, keti, fumba mato."

Mwezi mzima sikugusa udi.
Nilipiga mapaja kwa viganja,
kulia tatu, kushoto mbili,
chakacha ya mtu aliyekaa kitako.
Nikidhani nimeshika, mkono mmoja humfuata mwenziwe
kama mtoto anayeburutwa sokoni,
naye hucheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.
"Usihesabu. Ukihesabu wajua ngapi.
Hujui lini."

Kisha yakaja maswali.
Huimba kipande cha mizani nane, bila maneno;
kinapanda, kinasita juu
kama mtu aliyesahau ufunguo ngazini,
halafu huyo jikoni kugeuza mahamri,
ameniachia.
Nikajibu kwa kurefusha. "Hilo ni swali jingine."
Nikajibu kwa kushuka mbio. "Umemfungia mgeni mlango usoni."
Nikarudia kama alivyoimba. "Kasuku."
"Kwani kwenu hamna mashairi? Ukwapi ukiinua, utao hupokea.
Na kina hakiandikwi, mwanangu. Hungojewa."

Neno hilo nililipeleka kazini.
Winchi ilivuta, ikashusha pumzi, nikaisikia ikishusha.
Muuza kahawa wa Guraya aligonga vikombe:
vitatu, kimya, viwili.
Miaka yote kimya nilikiona tundu.
Kumbe ni pigo.

Jumanne ya umeme kukatika, akanipa udi.
"Taksimu. Rasti. Usinipigie nilichokufunza."
Nikaanza kwa adabu, kama mkwe.
Kidole kikateleza,
sauti ikatoka kali, embe mbichi bila chumvi.
Nilitaka kusimama niombe radhi.
Yeye, gizani, akaiimba ileile, kwa makusudi.
"Tena."
Nikaipiga. "Tena."
Mara ya tatu ikawa ada.
Mara ya nne nikaona ina mlango ubavuni,
nikapita.

Sijui nilikwenda wapi.
Nilipanda, nikazunguka, nikakiacha kipande hewani
hatua moja kabla ya nyumbani,
si kwa ufundi, kwa kutojua.

Ng'ambo ya ukuta Mama Swabra alikuwa akikuna nazi.
Mbuzi yake ikanyamaza.
Ua zima likakaa hivyo:
jirani na kifuu mkononi,
Bi Zuweina na sindano isiyo uzi,
mimi, na waya unaofifia.
"Mbona hatui?" Mama Swabra akauliza ukutani.
"Mimi nina wali jikoni!"

Nikatua.
Nazi ikaendelea papo hapo, juu ya pigo.

Bi Zuweina hakusifu. Alipapasa kiberiti,
akasema pumzi ya mwanzo niliivuta kama mwizi.
Nilipoaga niliinama kulitoa daftari.
Meza ikayumba.
Nikalirudisha.