Goli la Upande Ule

Kutoka mteremko wa Kadutu, bila tiketi,
tuliona nusu ya uwanja:
goli moja, kipa mmoja, vibendera viwili.
Nusu nyingine ilifichwa na jukwaa,
mabati yake mekundu kwa kutu.

Kwa hiyo mimi na Bahizire tulijifunza kusikiliza.
Watu wakiguna, amekosa.
Mabati yakipigwa ngumi, tumefunga.
Siku moja tulikumbatiana, tukarukaruka,
tukamwaga sinia zima la karanga za Mama Cibalonza,
kumbe mabati yalipigwa kwa hasira:
penalti, ya wageni.
Alitudai mpaka Noeli.

Leo Nabintu, binti yangu, amenilipia kiti
chini ya mabati yaleyale.
Naona magoli yote mawili.
Naona hata soksi za refa.

Bahizire alishuka Kamituga kutafuta dhahabu.
Shimo halikumrudisha.

Dakika ya themanini. Winga wetu anatoroka na mpira
kuelekea upande ule, ule tusiouona.
Watu wote wamesimama.
“Baba, umelala?”

Sijalala, mama.
Nimefumba macho tu,
nangoja mabati yatuambie.